Mpango wa Kazi Usiovuka Mlango wa Karakana

Majuma machache yaliyopita alinijia ofisini mwanafunzi mmoja wa shahada ya biashara, kijana mzaliwa wa Kisauni, akiwa na karatasi tatu mkononi na uso uliokunjamana. Alikuwa ametumwa na mhadhiri wake kwenda kuwahoji mafundi wa Bombolulu kuhusu hatua za kupanga uzalishaji, na hojaji yake aliiandika kwa Kiingereza. Washonaji na maseremala aliowaendea walimpokea kwa heshima, wakampa kiti na hata chai, lakini maswali yake hayakupata majibu. "Mwalimu," aliniambia, "wale watu hawapangi kazi. Wanafanya tu." Akaniomba nimtafsirie hojaji ili arudi tena.

Sikuitafsiri. Nilimwomba kwanza anieleze kwa Kiswahili, lugha aliyoipata pamoja na maziwa ya mamake, kila hatua ina maana gani. Kwa Kiingereza alizitaja zote pasi na kusita, moja baada ya nyingine, mithili ya mtoto wa chuoni asomaye juzuu kwa moyo. Kwa Kiswahili alikwama katika hatua ya pili. Si kwamba alikosa istilahi. Alikosa maelezo. Hakuweza kuniambia, kwa maneno ambayo angeyatumia kumweleza dadake, mtu afanyaye kazi hiyo anafanya nini hasa.

Kosa si lake peke yake. Ni letu sisi tunaofundisha, na ndilo ningependa tulijadili leo, walimu na wanafunzi.

Vitabu vya usimamizi wa uzalishaji havikubaliani kuhusu idadi ya hatua hizo; kimoja kitazihesabu nne, kingine saba. Kiini chake ni kimoja. Kwanza hukadiriwa mahitaji: ni vitu vingapi vitakavyotakiwa, vya aina gani, na lini. Kisha huamuliwa njia ya kazi, yaani mali ghafi itapita katika mikono ipi na kwa vifaa vipi mpaka iwe bidhaa. Halafu hupimwa uwezo wa watu na vyombo, kila mmoja akapewa mzigo anaoumudu. Hufuata ratiba, isemayo kipi kitangulia na kipi kitafuata, na kila kimoja kitakwisha saa ngapi. Baada ya ratiba hutolewa amri ya kazi, na mafundi wakaanza. Mwisho huja kufuatilia na kukagua, ili kilichochelewa kiharakishwe na kilichoharibika kirekebishwe kabla hakijamfikia mnunuzi.

Sasa njoo nami, msomaji, alfajiri moja katika kichochoro cha Bombolulu, kwa mama auzaye mahamri na mbaazi. Sharti karai lake liwe motoni kabla wanafunzi hawajapita, na kabla walinzi wa usiku hawajapanda matatu kurudi makwao. Hesabu yake huanzia saa hiyo na kurudi nyuma. Kabla ya kukaanga kuna kusukuma na kukata. Kabla ya kusukuma, unga sharti uwe umeumuka. Kabla ya kuumuka, ukandwe kwa tui, sukari, iliki na hamira. Na kabla ya tui, nazi ikunwe. Mbaazi nazo zimelowekwa tangu jana mchana. Wakati wa kaskazi, joto likishika, unga huumuka upesi, na mama huyu huchelewa kuukanda. Miezi ya kusi, baridi kidogo ikiingia, huuwahi. Shule zikifungwa hupunguza kipimo. Ramadhani ikiandama, biashara yake yote huhama kutoka alfajiri hadi jioni, na hesabu hupinduliwa upya kwa kuanzia magharibi.

Hapo pana makadirio ya mahitaji, pana njia ya kazi, pana ratiba ipangwayo kwa kurudi nyuma kutoka saa ya kukabidhi mali. Mbinu ambayo wanafunzi wa chuo kikuu huisoma kama jambo geni. Tena mama huyu anajua jambo ambalo wasimamizi wengi wenye vyeti hulisahau. Ana karai moja. Binti yake akija kumsaidia kukanda, mahamri hayaongezeki, kwa kuwa unga utaumuka na kungoja pale pale karaini. Mtu wa Mombasa hahitaji kitabu kulielewa hilo. Avuke tu Likoni siku feri moja imeharibika. Barabara ya kuendea kivukoni hata ikipanuliwa mara mbili, watakaovuka ni wale tu watakaoenea chomboni. Atakaye kuongeza mahamri aongeze karai.

Mama huyu akiulizwa kwa Kiingereza kuhusu mpango wake wa uzalishaji, atatikisa kichwa. Akiulizwa, "Mama, kesho utakaanga mangapi, na umejuaje?" atazungumza mpaka chai ipoe.

Bombolulu ina somo jingine, nalo ni zito zaidi. Kando ya barabara ya Malindi, ukishavuka daraja la Nyali, zipo karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 na chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, kijulikanacho kwa herufi za APDK, ambacho chenyewe kiliundwa mwaka 1958. Mafundi wenye ulemavu wametengeneza humo vito vya shaba na shanga, vitambaa vilivyopigwa chapa kwa mkono, bidhaa za ngozi na vinyago, na kazi zao zimefika katika maduka ya ng'ambo. Kwa bahati, mwaka huo huo wa 1969, mwezi wa Mei, Mwalimu Nyerere aliutambulisha Mpango wa Pili wa Miaka Mitano wa Tanzania kwa hotuba iliyoitwa Kupanga ni Kuchagua. Maneno hayo hukumbukwa zaidi na wachumi wa serikali. Mimi huyakumbuka nipitapo Bombolulu, kwa sababu katika karakana ya namna hiyo kuchagua huanza na mtu.

Vitabu vingi huanza na mashine na kazi, ndipo vikamtafuta wa kuifanya. Humchukulia mfanyakazi kuwa mtu wa wastani, mwenye miguu miwili ya kusimamia kutwa nzima, mikono miwili, macho na masikio timamu. Mahali ambapo huyu anatumia kiti cha magurudumu, yule magongo, na mwenzao ni kiziwi, hesabu hiyo huvunjika siku ya kwanza. Tuchukue mfano wa herini za shaba. Bamba hukatwa, hupindwa kwa koleo, hutobolewa, hupigwa tupa, hulainishwa kwa msasa, hung'arishwa, kisha hutiwa ndoana. Ikiwa meza za hatua hizo zimetawanyika pembe zote za chumba, mwenye magongo atamaliza nguvu zake njiani na si kazini. Meza zikisogezwa zikakaribiana, sinia ya herini ikapita kutoka mkono hadi mkono, kazi ndiyo itakayomfuata mtu. Na tazama: njia iliyofupishwa kwa ajili ya mwenye magongo imefupishwa kwa kila mtu. Amri ya kazi nayo haiwezi kupigiwa kelele kutoka mlangoni kwa fundi asiyesikia. Sharti ionekane, iwe sampuli mezani, au mchoro, au ishara. Mpangaji asiyelijua hilo amepanga ofisi yake tu.

Lipo pia suala la soko. Karakana za pwani zinazouzia watalii zimeonja shubiri. Ghasia za Likoni za Agosti 1997 zilizifanya hoteli kuwa magofu kwa msimu mzima. Tarehe 28 Novemba 2002 ikalipuliwa hoteli ya Kikambala. Mapema mwaka 2008 zikaja fujo za baada ya uchaguzi, na mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege vyenyewe. Mtu aliyekadiria mahitaji kwa kutazama tu mauzo ya mwaka uliotangulia alijikuta na rafu zilizojaa mikufu isiyo na shingo ya kuivaa. Mtaji ulilala pale, na mishahara haikungoja. Ndiyo maana swali la kama utengeneze kwanza kisha utafute mnunuzi, au ungoje kuagizwa ndipo utengeneze, si swali la mtihani pekee. Jirani kidogo, kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na tanuri la saruji haliwashwi na kuzimwa kila siku kama jiko la makaa. Mpangaji wake hulala akiwaza namna ya kutosimama. Wa herini huamka akiwaza aanze na ipi. Hatua ni zile zile, ila uzito umekaa pengine.

Ikiwa basi mambo haya tunayo, na hata mabaharia wetu walikuwa nayo zamani, kwani hakuna aliyepata kutia kalafati kabla ya kuweka mkuku na mbao, wala kupaka sifa kabla ya kalafati, wala kushua chombo kabla ya yote hayo, kwa nini mpango uliofundishwa chuoni haufiki karakanani?

Jibu langu ni la mwanaisimu, na msomaji ataniwia radhi. Zitazame upya hatua nilizozitaja. Zile za mwanzo hufanyika kwa karatasi: makadirio, njia, mgao, ratiba. Zile za mwisho hufanyika kwa kinywa: kutoa amri, kufuatilia, kuuliza mbona hili halijaisha, kukubaliana litaisha lini. Sisi hufundisha zote kwa Kiingereza, hali ya kuwa nusu ya pili hutendeka kwa Kiswahili tangu asubuhi hadi jioni. Hapo katikati hatufundishi chochote.

Mwaka 1911 Mmarekani Frederick Taylor alitoa kitabu chake mashuhuri kuhusu usimamizi wa kisayansi. Alitaka kufikiri kutengwe na kutenda: ofisi ipange, fundi atekeleze. Mwenzake, Henry Gantt, ndiye ambaye jina lake limebaki katika ile chati ya mistari inayoonyesha kila kazi inaanza na kuisha lini. Mengi yamesemwa dhidi ya mgawanyo huo huko huko ulikozaliwa. Kwetu una ubaya wa ziada, kwa sababu umelalia juu ya mgawanyo wa lugha. Afikiriaye hufikiri kwa lugha moja, atendaye hutenda kwa nyingine.

Yaliyonipata mimi ni madogo, lakini yanatosha kuwa mfano. Miaka kadhaa iliyopita niliagiza mashati 30 ya kikundi cha maigizo cha wanafunzi katika karakana moja ya ushonaji huku bara ya kaskazini. Tulikubaliana na mwenye karakana kwamba vifungo visitiwe kwanza mpaka nije niione sampuli na kuchagua rangi. Mwenye karakana, mtu msomi, aliliandika hilo katika hati ya kazi kwa Kiingereza. Akatumia kitenzi kimoja cha lugha hiyo chenye maana ya kungojesha, na pia cha kushikilia kitu kisibanduke. Fundi, mama hodari aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi kuliko mwenye karakana, alielewa kwamba vifungo vishikizwe barabara. Nilipofika, mashati yote 30 yalikuwa yameshatiwa vifungo vyeusi, tena kwa uzi wa mara mbili! Siku mbili zilipotea kuvifumua. Mwenye karakana alimkemea mama yule mbele yangu, kwa Kiswahili fasaha. Nikajiuliza, ulimi huo ulikuwa wapi siku ya kuandika hati?

Kuna watakaosema kwamba Kiingereza hakikwepeki, kwa kuwa maagizo ya ng'ambo huja kwa Kiingereza na bei huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, wala sijasema kifukuzwe. Mpokeaji wa agizo na akijue vyema kuliko anavyokijua sasa. Lakini agizo likishapokewa lina safari ya kuingia ndani, na ndani humo hakuna Mwingereza.

Wengine watasema Kiswahili hakina maneno. Hoja hii ningeipuuza kama nisingeisikia hata kwa walimu wenzangu. Tuwatazame Wajapani. Kampuni ya Toyota, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, ilijenga baada ya Vita vya Pili vya Dunia utaratibu wake wa kupanga kazi, ambao hatua ya mbele hutuma kadi kwa hatua ya nyuma kuomba vipuri vinavyohitajika, si zaidi. Kadi hiyo waliiita kanban. Hawakulitoa neno hilo Kilatini. Ni neno la barabarani lenye maana ya bango, lile la dukani. Leo profesa wa Marekani hulitamka neno la bango la Kijapani kwa unyenyekevu mkubwa, na wanafunzi wetu hulikariri wakidhani ni la Kiingereza. Maneno mazito ya kazi huanza kama maneno mepesi. Ratiba tunayo, zamu tunayo, kipimo, mkondo, mgao, ukaguzi, daftari, tunayo. Fundi wa Bombolulu husema "kazi imekwama kwa fulani," na hapo amekwishataja hatua inayobana, na amemtaja mhusika.

Hata hivyo sitaki kuwapaka mafuta wanaisimu. Sisi pia ni wazalishaji, na bidhaa yetu ni istilahi. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928. Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa Tanzania mwaka 1967. Na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikatoa kamusi ya isimu na nyingine ya biolojia, fizikia na kemia. Mtaalamu Einar Haugen alieleza miaka ya 1960 kwamba upangaji wa lugha una hatua: kuteua, kusanifisha, kueneza na kukuza. Tumekuwa hodari wa kuteua na kusanifisha. Ghala letu limejaa. Ni nani aliyekwenda karakanani kuuliza kama mali ilifika, na kama ilifaa? Tumezalisha bila kutoa na bila kufuatilia, kosa lile lile tunalowalaumu wenzetu wa biashara.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu wa biashara haombi ruhusa ya mtu yeyote akimwambia mwanafunzi wake: umeieleza ratiba hii kwa Kiingereza vizuri, sasa simama uieleze kwa Kiswahili kana kwamba unamkabidhi fundi kazi asubuhi. Mwanafunzi akishindwa, alama ya nusu ya kwanza nayo itiliwe shaka. Vyuo vya ufundi navyo viifanye hati ya kazi kuwa zoezi la kuandika, kwa Kiswahili cha sentensi fupi: nini, vingapi, kwa kipimo kipi, kisianze kabla ya nini, kiishe lini, akabidhiwe nani. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha uandishi wa kumbukumbu za mikutano ambayo wanafunzi wake hawatahudhuria anaweza kulitafutia zoezi hili kipindi kimoja kwa muhula.

Mwanafunzi wangu alirudi Bombolulu bila hojaji. Nilimpa daftari tupu na sharti moja, kwamba asitaje jina la hatua yoyote. Aombe tu asimuliwe kazi moja tangu ilipoagizwa hadi ilipolipiwa. Aliporejea alikuwa na kurasa 22. Seremala mmoja alimweleza kwa nini hukata mbao za vitanda vitatu kwa pamoja lakini huviunganisha kimoja kimoja: huunganisha kile tu ambacho mwenyewe ameshalipa nusu. Mshonaji alimwonyesha misumari sita ukutani, kila msumari na karatasi zake, wa kwanza kwa kazi zilizokatwa, wa mwisho kwa zinazongoja mwenyewe kuja kuchukua. Asubuhi huitazama misumari kabla ya kuigusa cherehani. Kijana aliniuliza misumari ile tuiiteje katika ripoti yake. Nilimwuliza mshonaji mwenyewe anaiitaje.

"Anaiita foleni," akasema.

Nimemwambia aandike hivyo hivyo, na mhadhiri wake akiliwekea neno hilo alama nyekundu, aje naye ofisini kwangu.